Treni ya Kutoa Uchovu

Niliambiwa kwamba huko Japani kuna treni inayomtoa mtu uchovu mwilini, nami nikaamini. Sikuamini nusu nusu. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Maelezo yalikuwa hivi. Treni hiyo haibebi watu wenye safari. Inabeba watu waliochoka. Unakaa kwenye kiti kilichogeuzwa kikatazama dirisha, si mbele kama viti vya magari yetu, na dirisha lenyewe linaanzia magotini linapita juu ya kichwa. Unaambiwa utazame nje na usifanye lolote. Treni inakata milima, inapita mashambani, inaambaa na mto, na uchovu unaanza kukutoka kidogo kidogo kupitia dirishani kama moshi wa jikoni unavyofuata upenyo. Na wale wakulima wanaosimama mashambani wakipunga mikono treni ikipita? Hawasalimu. Wanaufukuza ule uchovu usije ukawatua wao. Mwisho wa reli kuna korongo unakomwagwa uchovu wote wa nchi nzima, na ndege hawatui huko, maana wakitua wanasinzia.

Hapo pa wakulima ndipo niliponaswa kabisa. Mimi ni mtu wa mpunga. Kwetu Kulesa, mpunga ukianza kushika nafaka, mtu mzima mwenye akili zake husimama shambani tangu kunapopambazuka mpaka jua linazama, akipunga mikono, akipiga kelele na kuvuta kamba iliyofungwa mikebe, akiamia ndege wasiumalize. Kwa hiyo mtu akipunga mkono katikati ya shamba, mimi najua anafukuza kitu. Sijawahi kumwona mkulima wetu mwenye nafasi ya kusimama kwenye tope akasalimia gari.

Aliyeniletea habari hizo alikuwa mwenzangu wa shule ya usiku pale Garsen, Muorma mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye alizipata kwa dereva wa lori, ambaye alizipata kwenye simu ya mtu. Tulikuwa tukikaa benchi moja. Shule yenyewe ilikuwa darasa moja lenye taa moja ya sola na mbu wa kutosha kuinua paa. Wanafunzi wote tulikuwa watu wazima, wenye ndevu na wenye wajukuu, na kila mmoja alifika akiwa ameshamaliza kazi ya siku nzima mahali pengine. Tulichofanana hakikuwa umri wala kabila bali uchovu. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, akirudi kututazama anakuta nusu ya darasa imelala kama kuku waliofunikwa kapu. Lakini nilipita. Cheti ninacho, na nilikipata nikiwa na binti nyumbani aliyekuwa akinisahihishia hesabu kabla sijatoka.

"Wajapani wamegundua," mwenzangu aliniambia siku hiyo, tukimngoja mwalimu. "Uchovu ni kama kupe. Unatolewa."

"Kwa treni?"

"Kwa treni. Mtu wa kawaida anapanda mara moja tu. Wewe utapanda mwezi mzima, maana wako ni wa kurithi."

"Na wako?"

"Mimi huchoka nikitembea. Ninyi Wapokomo mnachoka mmekaa, mnangoja mto uwafuate nyumbani."

"Na ninyi mkiona jani limegeuka manjano mnahama na kitanda."

"Kuhama si aibu, bwana. Aibu ni kulala chumba kimoja na mamba."

Nilicheka mpaka benchi likalia. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikuwa namfikiria Mama.

Mama alikuwa akiishi Kulesa, ukingoni mwa Mto Tana, kwenye nyumba ya udongo chini ya miembe aliyopanda marehemu Baba. Mto ukijaa, nyumba inakwenda. Mto ukishuka, mimi nakuja kutoka Garsen na panga na misumari, najenga nyingine palepale. Nimeijenga nyumba ile mara nyingi kiasi kwamba miti ya kujengea ilikuwa ikiniona inajipanga yenyewe. Najua kuchanganya udongo kwa miguu huku nikiimba, na majirani wamewahi kusema kwamba nyumba zangu haziko imara sana lakini zinajengwa kwa sauti nzuri.

Kisha yakaja yale mafuriko makubwa, yaliyokata barabara ya Garsen hata watu wakawa wanavushwa kwa mashua juu ya lami. Tulikaa kwenye mahema kule juu, kwenye mwinuko wa mchanga unaoufikia ukiteremka na mto, tukila chakula cha msaada na kuhesabiana vipele vya mbu. Maji yaliposhuka nilimrudisha Mama, nikajenga tena. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mama alianza kuchoka uchovu ambao sikuwahi kuuona kwa mtu. Akifagia, anasimama katikati ya uwanja na ufagio mkononi kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Chai inapoa mbele yake. Macho yalikuwa mekundu, na mwanamke aliyekuwa na maneno ya kuwatosha watu wa Kulesa wote na wa kuazimisha, sasa anajibu neno moja moja. Nilimpeleka hospitali ya Ngao. Wakampima damu, wakampima presha, wakamgonga magoti. Daktari akasema hana ugonjwa wowote, amechoka tu, apumzike.

"Ndivyo nilivyokuambia," Mama akasema tukitoka. "Nimechoka tu."

Wakati huohuo kijiji kilikuwa kwenye mazungumzo. Kamati ya wazee ilikuwa ikigawa viwanja kule juu mchangani tulikokaa kwenye mahema. Atakaye kiwanja aende akachomeke miti yake kabla ya masika. Masika yakishaanza, ugawaji umefungwa, na aliyebaki chini amebaki chini. Kwenye mkutano walipofika kwa jina la nyumba yetu, nilisimama mimi.

"Mama hahami," nilisema. "Shamba lake liko chini, miembe iko chini, nyumba mpya nimemaliza juzi. Anachohitaji ni kupumzika."

Mama alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake wenzake. Alivuta leso yake mabegani. Hakusema kitu, na wazee wakaenda kwa nyumba inayofuata.

Sasa, kumbe kile cheti cha shule ya usiku kilikuwa kinaniandalia safari. Kikundi chetu cha wakulima wa mpunga kilipata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja Japani kwa mafunzo, na wakanichagua mimi kwa sababu nilikuwa naweza kusoma Kiingereza bila kufumba jicho moja. Watu waliniombea dua, walinipa maagizo ya simu na saa na dawa ya mgongo. Mimi kichwani nilikuwa na jambo moja: nitaiona ile treni. Nitajua inavyofanya kazi. Kama ni mashine, nitauliza kama kuna ndogo ya kubeba.

Nisiwachoshe na habari za mafunzo, maana mafunzo yenyewe yalinichosha kuliko kitu chochote ambacho nimewahi kufanya nikiwa nimelipiwa chakula. Mashamba yao ya mpunga yamepandana mlimani kama ngazi, na mwalimu wetu, mzee mwembamba mwenye mgongo uliokunjika kwa kupanda miche, alikuwa akizipanda ngazi hizo kama mbuzi huku sisi wanafunzi, waliotoka nchi mbalimbali, tukimfuata kwa mikono na magoti. Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kukata masikio ukayaokota njiani. Jioni nililala, lakini usingizi wangu ulikuwa mwepesi. Tangu mafuriko nilikuwa hivyo, na sikuwa nimelifikiria sana; mtu akiwa na mashamba, mto na mama mgonjwa asiye na ugonjwa, anaona ni kawaida kuamka amechoka.

Nilikuwa nikimpigia Mama simu.

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka."

"Umelala vizuri?"

"Kidogo."

"Vumilia. Nakuletea dawa."

"Usiniletee vidonge. Vya Ngao bado ninavyo."

"Si vidonge. Utaona."

Siku za mwisho, mwalimu alitutangazia kwamba kama zawadi atatupandisha treni ya kutazama mandhari, ile ya haraka isiyosimama kila kituo. Nilimfuata kando, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha Garsen kama ni kweli treni hiyo inaondoa uchovu. Mzee alitoa simu yake, akaifanya itafsiri, akaisoma, akatabasamu mpaka macho yakafungika, akatikisa kichwa kukubali tena na tena.

"Ndiyo, ndiyo," alisema. "Mtu anapumzika sana."

Mnataka ushahidi gani tena?

Treni ilikuja kwenye stesheni ndogo iliyopandwa maua kama kaburi la tajiri. Nje ilikuwa ya rangi ya zambarau iliyoiva, ndani ilikuwa mbao tupu, mbao zilizong'arishwa hadi nikajiona ndevu. Na viti, jamani, viti vilikuwa vimegeuka kutazama dirisha! Na dirisha lilianzia magotini! Nilisimama pale mlangoni nikamkumbuka Muorma wangu, na laiti angekuwepo ningemkumbatia na fimbo yake. Mhudumu, dada aliyevaa glavu nyeupe, aliinama kwa heshima kubwa kiasi kwamba nami nikainama, naye akainama tena, nami tena, na tungeendelea mpaka leo kama mwalimu hakunivuta shati. Nikapewa chakula ndani ya kijaluba kilichofungwa kitambaa. Nikakaa. Nikaweka mikono mapajani kama mtu anayengoja kuchanjwa.

Treni ikaondoka, laini, bila kishindo. Dada wa glavu akawa anaeleza jambo kwa sauti nyororo ambayo sikuelewa hata neno moja. Tukaingia mashambani. Na pale, katikati ya mpunga, nikamwona bibi mmoja mzee amevaa kofia pana, amesimama na buti za mpira topeni, anapunga mkono. Anapunga kwa nguvu, mkono wote, kutoka begani.

Nilirudi nyuma kitini. Niliona aibu, kwa kweli. Bibi wa watu amesimama shambani kwake, mgongo unamuuma, na mimi mgeni nampitishia uchovu wa Tana River mzima. "Pole, bibi," nilisema kwa Kiswahili. "Ufukuze, ufukuze. Usikutue."

Baada ya hapo tukaingia kwenye handaki, giza likawa la kupendeza, na kiti kikawa kinanitikisa kidogo tu, kama mtu anavyombembeleza mtoto ambaye si wake.

Kilichofuata ni mkono wa mwalimu begani mwangu. Tulikuwa tumefika mwisho wa reli. Abiria walikuwa wakishuka, na kijaluba changu cha chakula kilikuwa mapajani, bado kimefungwa. Wenzangu wakawa wanaonyeshana picha kwenye simu: daraja refu, korongo, maporomoko ya maji, nyani juu ya mwamba. Mimi sikuwa na picha. Lakini niliposimama, ndugu zangu, nilisimama mwili mwepesi kiasi kwamba nilishika mlango nisije nikapaa. Shingo haikuuma. Macho hayakuwasha. Ningeweza kulima ekari kwa kijiko. Tangu yale mafuriko sikuwahi kujisikia hivyo, na nilijua moja kwa moja kilichotokea. Treni ilikuwa imefanya kazi yake.

Niliporudi Garsen nilikuwa mhubiri. Niliieleza treni ile sokoni, nikaieleza kwenye kinyozi, na kwa kuwa watu walitaka kujua nje kulikuwa na nini, niliwapa ile milima yote niliyoiona kwenye picha za ukutani stesheni, nikaiongezea urefu kidogo. Muorma alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Si nilikuambia?" alisema. "Sasa utaileta vipi hapa? Garsen hata reli ya kuchezea hatuna."

"Si reli inayotibu," nilisema. Nilikuwa nimelifikiria ndani ya ndege. "Ni kiti, na kutazama upande, na kutosimama. Vyote hivyo vinawezekana majini."

"Ninyi watu," alisema, "kila kitu mnakiweka majini."

Kulesa nilimkuta Mama amepungua. Amekuwa kama leso iliyoanikwa. Nyumba yangu ilikuwa imesimama vizuri, miembe ilikuwa na maua, na mbingu za upande wa milima ya mbali zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Ugawaji wa viwanja ulikuwa umebakiza siku chache. Sikuwa na habari na viwanja. Niliazima mtumbwi mpana wa jirani, nikaazima kiti cheupe cha plastiki kwenye hoteli ya chai, nikakifunga kwa kamba katikati ya mtumbwi, kikitazama ukingo, si mbele. Nikavaa kofia niliyonunua uwanja wa ndege. Sikuwa na glavu, nikavaa soksi safi mikononi. Nikamkalisha Mama, nikainama.

"Mbona umenikalisha upande kama mtu anayenyolewa?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyo. Abiria wetu mpendwa! Treni ya haraka ya Mto Tana inaondoka Kulesa. Haitasimama popote. Unaombwa utazame nje, usiseme na mtu, usifanye lolote."

"Na nikitaka haja ndogo?"

"Hii ni treni ya Kijapani, Mama."

"Wajapani hawaendi haja?"

"Mama, tafadhali. Uchovu hautoki mtu akibishana."

Akanyamaza. Alinyamaza kwa utiifu uliotokana na uchovu tu, akaweka mikono mapajani, akatazama migomba inavyopita. Nikasukuma upondo. Mkuu wa treni, dereva, mhudumu, wote mimi. Mto ulikuwa tulivu na wa rangi ya chai ya maziwa. Kiboko mmoja alitoa masikio, akatuona, akazama tena kama mtu aliyekumbuka deni. Nilikuwa nikimtazama Mama usoni kama daktari, nikingoja tiba ianze.

Lakini kuna jambo nililolisahau, na nilizaliwa nalo. Kwenye mto wetu mtumbwi haupiti kimya. Mtu aliye ukingoni atakuuliza unatoka wapi, na kwenu hawajambo, na nani amejifungua, nawe utajibu hata kama umebeba mdomoni kipande cha muwa. Mtumbwi unaopita bila kuitikia ni mtumbwi wenye msiba. Na sisi tulipita ukingo wa kwanza kimya, watu wakasimama na majembe yao wakatutazama. Ukingo wa pili, kimya. Mwanamume mmoja akavua kofia. Mimi nikadhani ni heshima ya treni.

Tulipofika kwenye kona ambapo mto unapita chini ya ule mwinuko wa mchanga, kulikuwa na mwanamke anateka maji. Alikuwa rafiki ya Mama tangu usichana wao, aliyekuwa jirani yetu Kulesa kabla hajahamia kule juu na wa kwanza kwanza. Alimwona Mama kwenye kiti, amekaa wima, anatazama ukingo, hapepesi jicho. Akaita. Mama, kwa kuwa nilikuwa nimemkataza, hakuitikia.

Ndoo ilianguka.

"Uwiii! Njooni jamani! Wanampitisha! Wamemkalisha kwenye kiti wanampitisha!"

Watu wakaanza kuteremka mwinuko mbio. Mwanamke mwingine akashika kichwa. Nilisukuma upondo kwa haraka zaidi ili tuwapite, jambo ambalo, nikilifikiria sasa, halikusaidia.

"Niko hai, wewe!" Mama akapaza sauti. "Punguza kelele!"

"Uko hai na husalimu?"

"Nimekatazwa. Niko kwenye treni."

"Treni gani?"

"Muulize dereva."

Rafiki yake akanitazama, kofia, soksi za mikononi na vyote. Aliingia majini mpaka magotini. "Wewe mtoto," alisema, "egesha hiyo treni yako hapa kabla sijaja kukutoa kwa sikio. Umeniua mimi badala ya mama yako."

Nikaegesha. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu maji, na alicheka mpaka akashika kiti. Walimshusha, wakampandisha mwinuko wakimshika mkono huku na huku, wote wakisema kwa pamoja, na nilifuata nyuma nimebeba kiti.

Nyumba ya rafiki yake ilikuwa ndogo, ya mabati, yenye kibaraza na mkeka. Walikunywa chai. Waliulizana habari zote tulizozipita kimya njiani. Kisha rafiki yake akaingia jikoni kuchemsha nyingine, na alipotoka Mama alikuwa amejilaza mkekani, mkono chini ya shavu.

Nikainuka nimwamshe, tuendelee na safari.

"Mwache," rafiki yake alisema.

Nikamwacha. Nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki, kibarazani, na kwa kuwa hakukuwa na la kufanya, nikatazama. Kutoka pale juu mto unauona wote. Niliiona na Kulesa, mbali, miembe ya Baba imekuwa kijani kimoja, na katikati yake paa la nyumba niliyoijenga. Nililiona dogo sana. Na niliona kitu kingine: mto ulikuwa umeanza kubadilika. Upande mmoja bado ulikuwa wa rangi ya chai, lakini kwa upande wa pili ulikuwa ukija wekundu wa udongo wa milimani, unachorachora, polepole, ukishuka kuelekea kwetu. Kule milimani mvua ilikuwa imeshanyesha.

Kuku walimpanda Mama na kushuka. Mabati yalilia kwa jua. Jirani aligombana na punda wake hapo karibu. Mama hakutikisika. Alilala mdomo wazi, kama mtu aliyetupwa, mpaka kivuli cha nyumba kikatoka upande huu kikaenda upande ule. Rafiki yake alikuwa akichambua mchele, mara kwa mara akipunga ungo kuwafukuza nzi wasimtue usoni.

Alipoamka alikaa kwanza, akatazama mchanga uliomzunguka, akaupapasa kwa kiganja.

"Nimelala?"

"Umelala, Mama. Kuku walikufanya kichuguu."

Akakunja leso yake vizuri. Macho yalikuwa meupe.

"Nijengee hapa," alisema.

Nilidhani bado yuko ndotoni. "Hapa wapi?"

"Hapa. Kiwanja chochote walichobakiza. Kesho uje uchomeke miti kabla hawajafunga."

"Na shamba? Na miembe ya Baba?"

"Shambani nitashuka asubuhi, jioni nitapanda. Miembe haina haja nikeshe nayo."

"Kwani unakesha?"

"Ulifikiri nafanya nini? Tangu yale maji sijalala kule. Nasikiliza. Upepo ukipita kwenye migomba naamka, nateremsha mguu nione kama pamelowa. Nalala kidogo, naamka, nateremsha tena mguu."

Nilimtazama miguuni.

"Mbona hukusema, Mama? Kwenye mkutano, mbona hukusema?"

"Ulikuwa umejenga huku unaimba," alisema. "Ningekukatiza?"

Rafiki yake aliinama zaidi kwenye ungo wake. Mimi nilitazama soksi zangu, ambazo nilikuwa bado nimezivaa mikononi, nikazivua. Na kwa kuwa mtu akizidiwa hushika kilicho karibu, nikashika treni.

"Lakini mimi ilinitibu, Mama. Kweli kabisa. Nilishuka mwepesi, nusura nipae."

"Ndani ulifanya nini?"

"Nilikaa. Nikatazama nje."

"Ukaona nini?"

"Nilimwona bibi mmoja shambani, anapunga mkono, anaufukuza uchovu wangu. Halafu tukaingia handaki."

"Halafu?"

"Halafu..." Nilitafuta. Ile milima niliyoigawa Garsen nzima haikuja. "Halafu tukafika."

Mama alinitazama bila kucheka, kwa huruma fulani.

"Mwanangu," alisema, "hakuna treni inayotoa uchovu. Ulilala. Na yule bibi alikuwa anakusalimu tu."